Chaki ya Bosi

Chuma chekundu hakimsumbui mtu mwenye akili zake. Kila mtu anakiona, anakipisha. Kinachounguza watu ni kile kilichoacha wekundu, kikarudi kwenye weusi wake wa kila siku, kikalala sakafuni kimya kana kwamba hakijawahi kupita kwenye moto. Maneno hayo nimeyasikia kwa mdogo wangu mara nyingi kiasi kwamba nikiwa na homa nadhani nitayaweweseka.

Mdogo wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Mtaani wanamwita Cheche, na mimi dada yake nimeshazoea, nami namwita hivyohivyo. Ana karakana ya mageti, madirisha na vitanda, na nyuma ya karakana kuna vyumba viwili anamoishi na mkewe na watoto wao wawili. Mimi nasuka nywele ng'ambo ya barabara, saluni yangu na karakana yake zimetazamana. Lolote likitokea kwake naliona kwenye kioo changu kabla mteja hajamaliza kulalamika kwamba namvuta.

Kiganja cha kushoto cha Cheche ni laini kama kipande cha sabuni iliyotumika. Hakina mstari hata mmoja. Alipokuwa bado anajifunza kazi aliokota nondo nyeusi ambayo fundi wake aliiacha chini bila kumwambia mtu, na ngozi ilibaki kwenye nondo. Alipofungua karakana yake mwenyewe aliweka sheria moja tu. Ukishachomelea, chora eksi ya chaki nyeupe palepale penye moto. Eksi ikiwepo, mkono haupo. Chuma kikipoa, aliyehakikisha kwamba kimepoa ndiye anayeifuta. Mwenzake wa kazi, mtu mzima tunayemwita Taratibu kwa sababu hata chafya huipiga kwa awamu, hajawahi kuivunja sheria hiyo. Na tangu iwekwe hakuna aliyeungua pale.

Sasa ingiza watoto humo.

Wa kwanza ni msichana, wakati huo alikuwa hajatimiza miaka mitatu. Tulimpa jina la Bosi kwa sababu alijua kuamuru kabla hajajua kuomba. Wa pili alizaliwa hana unywele, uso kaukunja kama mtu aliyewekwa foleni tangu asubuhi, tukamwita Mzee. Mimi nami wamenipa jina. Wananiita Redio, wanasema natangaza mvua jua likiwaka. Mimi sina utabiri wowote. Nina macho tu, na nina kioo kikubwa.

Siku Mzee alipotabasamu kwa mara ya kwanza nilikuwa chumbani kwao. Wifi yangu alipiga kelele ya furaha, akaniita nije nione. Mimi nikageuka kuangalia mtoto anatabasamia nini. Hakuwa anamtazama mama yake. Pazia la mlango wa karakana lilikuwa limeachia kidogo, mwanga wa kuchomelea ulikuwa ukirukaruka ukutani, na yeye alikuwa ameukodolea macho, ufizi wote nje.

"Anakucheka wewe, wifi," nikasema, kwa sababu huwezi kumharibia mama siku kama hiyo.

Alipokaza shingo, aliigeuzia upande wa pazia. Alipojua kujipindua, alijipindua kuelekea huko, na akinyimwa upande huo alilia. Mtoto mwingine angefuata titi au mlio wa kijiko. Huyu kila alichojifunza kilimsogeza kwenye karakana. Nikalisema hilo mara moja mezani, tukiwa tunakula. Cheche akamtazama mkewe, wakacheka kwa pamoja, akainua kijiko mdomoni kama kipaza sauti. "Msikilizaji, mvua kubwa inatarajiwa."

Bosi naye hakuwa amelala. Aliachana na nepi wiki ileile Mzee alipoota jino, na kila mmoja alitaka apigiwe makofi yeye. Alijifunza kuvaa viatu mwenyewe, kushoto kulia na kulia kushoto, na ole wako umrekebishe. Alijifunza kuruka kwa miguu yote miwili, akawa anaruka mpaka vyombo vinalia kabatini. Halafu siku moja nilivuka barabara kuomba chumvi, nikakuta kikombe chake cha plastiki kimechorwa eksi kubwa ya chaki.

"Bosi, kikombe kimefanya nini?"

"Moto," akasema, amekunja mikono kama baba yake. "Mzee asiguse."

Kikombe kilikuwa na maji ya baridi. Mzee alikuwa ameanza kukaa mwenyewe na kunyoosha mkono kwa kila kitu cha dada yake, na dada yake alikuwa ameipata dawa yake. Alikuwa ametazama wakubwa wakifanya kazi, akaelewa kwamba ukichora hivi hakuna anayegusa. Kwa umri ule, mimi nilikuwa nakula mchanga.

Cheche alicheka mpaka akaketi kwenye kitanda ambacho rangi yake ilikuwa haijakauka. Aliita Taratibu aje aone, aliita na mteja aliyekuwa anangoja dirisha. Kichwa kilimvimba siku ile kisawasawa. Akamvunjia mtoto kipande cha chaki, akamwambia, "Hii yako. Fundi bila chaki si fundi."

"Cheche," nikamwambia, "mnyang'anye hiyo chaki. Hiyo ni alama ya kazi."

"Dada, mtoto anajifunza kazi, wewe unanuna."

"Anajifunza kuchora. Kazi haijui."

"Basi izime redio kidogo, ipumue."

Nilikasirika. Nilirudi saluni bila chumvi, na kichwa nilichokuwa nasuka siku hiyo kiliumia.

Baada ya hapo eksi zilienea nyumba nzima kama upele. Kwenye poti. Kwenye mdoli wa mguu mmoja. Kwenye mto, kwenye debe la biskuti, kwenye ukuta kwa kimo cha mtoto. Kiti cha wageni kilichorwa, mteja mmoja wa mageti akakikalia, akazunguka mtaa mzima na eksi makalioni, watu wakimpisha njia. Hilo nililicheka hata mimi, siwezi kujitia mtakatifu. Ila nilianza kumwona Taratibu akisimama mbele ya kipande cha chuma chenye eksi, anakitazama, anakisogezea mgongo wa mkono bila kukigusa, anauliza, "Hii yetu au ya Bosi?" Mwanzoni aliuliza kwa utani.

Kisha Mzee akatambaa.

Alianza kinyumenyume. Alikuwa akitaka kitu kilicho mbele, anajisukuma, anajikuta amerudi nyuma mpaka chini ya kitanda, kitu kiko mbali zaidi, analia kwa hasira za mtu mzima. Tulimfurahia sana siku hizo. Halafu asubuhi moja gia ya mbele ikaingia, na hakuna tena aliyekaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye kikombe cha Bosi. Kesho yake alikwenda kwenye mdoli. Akaenda kwenye debe la biskuti, akakuta limeachwa wazi, akala. Bosi akimnyang'anya kitu na kukichora eksi, Mzee alitulia, akaitazama ile chaki ikipita, akatabasamu, kisha akaja mbio kwa magoti.

Mara hii sikutania. Nilivuka barabara, nikamkuta mdogo wangu anasugua kutu.

"Mtoto wako anafuata eksi."

"Anafuata vitu vya dada yake."

"Na vitu vya dada yake vyote vina nini? Bosi anachora anachokipenda. Huyu mdogo ameshajua kwamba penye eksi ndipo penye utamu. Cheche, hiyo kwako ni hatari, kwake ni tangazo la sherehe."

Alicheka, lakini akaweka brashi chini. Alitaka kunionyesha kwamba nimezidisha. Akachukua vifuniko viwili vya makopo, vipya, vinavyofanana, akachora eksi kwenye kimoja, akaviweka sakafuni chumbani mbele ya Mzee. Mzee akaenda kwenye eksi, akailamba. Cheche akakifuta kile, akachora kingine, akavibadilisha nafasi. Mzee akakipita kifuniko kitupu kama vile hakipo, akaenda kulamba chaki. Akatuangalia, ulimi mweupe, amefurahi.

Cheche hakucheka tena. Nilimwona anakifumba na kukifumbua kile kiganja chake cha kushoto.

"Nitabadilisha alama," akasema. "Tutatumia kitambaa chekundu, au kengele, sijui. Nitafikiri."

"Lini?"

"Geti la shule likiondoka. Sasa hivi tuko katikati ya kazi, dada. Mkono wa Taratibu umezoea chaki. Nikimbadilishia leo, kesho tutaungua sisi."

Maneno yake yalikuwa na mantiki, na hilo ndilo lililonikera. Alimnyang'anya Bosi chaki siku hiyohiyo. Mtoto alilia mpaka akatapika, wifi akarudi kutoka kazini akakuta nyumba imepinduka. Lakini hakuna aliyekagua viatu vya Bosi. Vipande vitatu vya chaki vilikuwa humo, na eksi ziliendelea kuota ukutani kama kawaida.

Kilichobaki cha kutulinda kilikuwa ubao. Ulikuwa ubao mnene uliosimamishwa kwa upande mlangoni, kati ya chumba na karakana, kimo chake kupita goti la mtu mzima. Wifi yangu anafanya kazi kiwanda cha mikate, huondoka kabla barabara haijachangamka na kurudi adhuhuri na harufu ya hamira. Kila asubuhi, viatu vikiwa mguuni, humuuliza mumewe neno moja tu.

"Ubao?"

"Upo."

Ndipo huondoka. Asubuhi nyingine aliuliza mara mbili, na mumewe alijibu mara mbili bila kuchoka.

Mzee aliposimama dede kwa mara ya kwanza, aliushika ubao huo. Mimi nilimwona kwenye kioo, nikaachia nywele za mteja. Juu ya ubao kulikuwa na vidole vidogo vimejipanga, na nusu ya upara, na macho mawili yanaitazama karakana. Alikaa hivyo asubuhi nzima. Kesho yake tena. Watu waliopita barabarani walimpungia mkono, wakasema yule mtoto ni mzuri, mpole, anamwangalia baba yake akifanya kazi. Hakuwa anamwangalia baba yake. Taratibu alipomaliza kuchomelea kiungo na kukichora eksi, kile kichwa kiligeuka. Taratibu alipochora ya pili, kikageuka tena.

Wiki hiyo Bosi akajua kupanda ubao. Alitupa mguu mmoja, akalala tumbo juu yake, akaangukia upande wa pili. Baba yake alimpigia makofi kwanza, kisha akamrudisha na kumgombeza. Mtoto hukumbuka makofi.

Geti la shule lilikuwa kubwa kuliko kazi yoyote waliyowahi kupata. Halikuenea sehemu ya kawaida. Walililaza juu ya matofali kwa urefu wa karakana nzima, na kona yake moja ikafika karibu kabisa na mlango wa chumba, ikabaki njia nyembamba ya mtu mmoja kati ya chuma na ukuta. Kulazwa hivyo, ile kona ilikuja kimo cha kifua cha mtoto anayesimama. Nililiona hilo nikiwa kwangu, nikajiambia jioni nitakwenda kuwaambia walisogeze. Halafu nikajikumbusha kwamba jioni hiyohiyo ndipo wenyewe wanakuja kulichukua. Kesho litakuwa halipo, chaki zitafutwa, nami nitaacha kuchungulia kioo kama mgambo.

Adhuhuri ile Taratibu alichomelea kona ya mwisho. Alipomaliza alichora eksi, kubwa na safi, mahali panapotakiwa, akaenda kunawa. Hakukosea kitu. Nasema hivyo kwa sababu baadaye watu walitafuta wa kumlaumu, na yeye alikuwa karibu.

Wifi akatokea na mifuko miwili ya unga, mmoja kila mkono. Cheche akaenda kumwondolea ubao apite, kama alivyofanya kila siku. Mzee alikuwa amesimama, ameushika. Ubao ukaondoka mikononi mwake, na badala ya kuanguka, akabaki amesimama. Peke yake. Hajashika kitu.

Baba, mama na Bosi waliganda. Kisha Mzee akainua mguu, akauweka mbele.

"Anatembea!" wifi akapiga kelele mpaka ng'ambo. "Baba watoto, anatembea!"

Niliacha kitana kichwani mwa mteja, nikatoka nje. Cheche alikuwa ameshavua glavu, kwa sababu hampokei mtoto na glavu zenye vumbi la chuma, akazungukia upande wa pili wa geti penye nafasi, akachuchumaa, akafungua mikono. "Njoo kwa baba! Njoo, Mzee, njoo!" Wifi alikuwa ameshapita mlangoni, yuko nyuma ya mtoto na mifuko yake, anacheka na kulia. Bosi anaruka kwa miguu yote miwili. Na mimi nimesimama ukingoni mwa barabara, nami nilikuwa nacheka, Mungu ni shahidi, maana hakuna anayeweza kuiona hatua ya kwanza ya mtoto asicheke.

Mzee alipepesuka, akanyooka, akamtazama baba yake. Kisha macho yakashuka. Nikaona uso wake ukifunguka kwa furaha ile ya vifuniko. Akanyoosha mkono, akaanza kwenda kwenye kona.

"Eksi!" nilipiga kelele. "Cheche, eksi!"

Geti lilikuwa kati yao. Hakuweza kumfikia mtoto. Alichoweza kukifikia ni chuma. Alijitupa juu ya geti kifudifudi, akanyoosha mkono wa kulia, akaifunika ile eksi kwa kiganja chake kitupu. Kiganja cha Mzee kikatua juu ya mgongo wa mkono wa baba yake.

Sikujua kwamba mtu anaweza kunyamaza kiasi kile. Hakulia, hakusema, macho tu yalimtoka. Na hakuutoa mkono, kwa sababu Mzee alikuwa ameegemeza uzito wake wote pale, na mkono wake ungetoka, wa mtoto ungeshuka kwenye chuma. Mtoto alikuwa anapigapiga mgongo wa mkono ule, akicheka, akitafuta chaki yake imekwenda wapi. Mifuko ya unga ikapasuka chini. Wifi alimnyakua mtoto, na hapo ndipo Cheche alipojitoa kwenye chuma na kupiga ukelele ambao naamini geti lile bado linao.

Hospitali walimfunga mkono mpaka juu ya kifundo. Muuguzi alisema utapona, lakini vidole havitajikunja kama zamani. Fundi wa kuchomelea, mkono wa kulia. Cheche aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeambiwa bei ya nondo. Wifi ndiye aliyeuliza, "Hata kushika mtoto?" Muuguzi akasema hilo ataliweza.

Tuliporudi, wifi hakuketi. Hakubadili hata nguo zake zenye unga. Alichukua ndoo na kitambaa, akaanza kufuta. Alifuta ukuta, poti, debe, kiti, kikombe. Alifuta kwa nguvu, akifuta analia, akirudia mahali palepale pasipokuwa tena na kitu. Nilichukua kitambaa cha pili nikafuta naye. Taratibu nje alikuwa anafuta geti.

Cheche alikaa kwenye ukingo wa kitanda, mkono umelala gotini, mweupe na mnene kwa bandeji. Bosi alikuwa anatuangalia tukimwondolea alama zake moja moja. Hakulia. Alikuwa amemsikia baba yake akipiga ukelele, na tangu hapo hakuwa ametoa amri hata moja. Akaketi chini, akavua kiatu cha kushoto alichokivaa kulia, akakitikisa. Kipande cha chaki kikadondoka.

Alikwenda kwa baba yake. Akaushika ule mkono polepole kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akachora juu ya bandeji. Haikuonekana, nyeupe juu ya nyeupe, lakini aliikandamiza, akachora tena na tena mpaka unga wa chaki ukamwagika gotini kwa baba yake. Safari hii alichokichora kilikuwa cha moto kweli, na alijua.

"Moto," akasema. "Mzee asiguse."

Mzee alikuwa ameketi kwenye kona ya chumba ambako mama yake alimweka. Alikuwa ameiona chaki ikipita. Uso ukamfunguka. Akaushika ukuta uliokuwa bado umelowa, akajiinua, akauachia, akaanza kuja.